Barua ya wazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii: wapeni wazee wa makazini mhudumu wa usiku

Ndugu Afisa,

Shikamoo kama umri wako unanizidi, na kama wewe ni mdogo wangu basi pokea salamu za dada yako. Mimi ni mkazi wa Makorora, hapa Tanga. Asubuhi nauza supu na chapati, mchana nafua nguo za watu. Naandika hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini ziligongwa muhuri zikapokelewa, na mpaka leo sijapata jibu hata moja. Tena wiki iliyopita nimeona jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Kuna mzee anaishi katika makazi ya wazee mkoani kwetu. Jina lake silitaji, wala la makazi yenyewe, maana sitaki lawama ziwaangukie wahudumu wachache waliopo. Si ndugu yangu wa damu. Alikuwa mpangaji wa marehemu baba, nami nimekua nikimwita Babu. Aliletwa Tanga na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya vibarua, akiwa kijana, kutoka Kigoma, kabla ya Uhuru, aje akate mkonge. Kwao hakurudi tena, na mtoto hakujaliwa. Baba alipofariki na nyumba ikauzwa, watu wa ustawi walimchukua. Kwa hilo nilishukuru, na hadi leo nashukuru.

Wiki iliyopita nilimkuta amelala chali, shuka limelowa. Nikataka kumbadilisha. Nilipolivuta, shuka halikuja, na Babu alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake maisha yangu yote. Lilikuwa limegandia kwenye kidonda, pale kwenye kifandugu, kidonda chenye upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Nilililowanisha kwa maji ya uvuguvugu, nikalibandua kidogo kidogo huku nikimsemesha ili asikaze mwili. Chini ya shuka walimtandikia nailoni ili godoro lisiharibike, na juu ya nailoni ile jasho na mkojo vimetuama, katika joto hili la Tanga tunalolijua sote. Kisigino cha kushoto nacho kimeanza kuwa cheusi.

Nikamuuliza mhudumu, binti mpole, mchapakazi. Akaniambia, "Dada, mimi zamu yangu inaisha saa kumi na mbili jioni. Asubuhi nikija ndiyo nawakuta hivi."

Usiku kuna mlinzi tu, na mlinzi analinda geti.

Ndugu Afisa, kidonda kile si uzee wala si mapenzi ya Mungu. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja muda mrefu, mifupa inabana nyama, damu haipiti, nyama inakufa. Ukiongeza mkojo na jasho, ngozi inalainika na kuchubuka. Dawa yake ya kwanza ni mikono ya mtu: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumkausha, kumwekea mto usitiri visigino. Haya nayajua kwa sababu mama yangu alipigwa kiharusi akalala kitandani miaka, na niliyemuuguza ni mimi. Nililala mkekani chini ya kitanda chake. Nikisikia adhana ya alfajiri nilikuwa nimeshaamka mara kadhaa kumgeuza. Mama alifariki hana kidonda hata kimoja. Sikuwa na kitanda cha hospitali wala godoro la upepo. Basi nikiambiwa kwamba wazee kupata vidonda ni jambo la kawaida, siwezi kukubali.

Na tatizo la usiku haliishii usiku. Mzee anayejua kwamba giza likiingia hakuna wa kumshika mkono kwenda choo, anaacha kunywa maji tangu alasiri. Kuna bibi pale ambaye kila nikimpelekea kikombe cha maji jioni anakisogeza pembeni. "Nikinywa nitajikojolea, mwanangu, na nitalala nao mpaka asubuhi." Mtu mzima hujikausha hivyo kwa kulinda heshima yake. Na wazee kiu yao yenyewe ni ndogo, hata mwili ukiwa unahitaji maji. Matokeo yake ni kufunga choo, mkojo unaochoma, kizunguzungu, mpaka kuweweseka, halafu watu wanasema huyu sasa akili zimeruka. Wale wenye nguvu kidogo wanajaribu kwenda chooni peke yao gizani, na hao ndio wanaoanguka. Mzee akivunjika nyonga, wengi hawasimami tena.

Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ulifika makazini na wageni wako. Mlileta mchele, sukari, sabuni na kanga. Wazee walivalishwa fulana wakapigwa picha. Ukashika kipaza sauti ukasema, mbele yetu sote, kwamba kabla ya mwaka kwisha zamu ya usiku itakuwa na mhudumu. Babu alikuwa safu ya mbele na alipiga makofi. Mwaka ule ukaisha, na mwingine nao ukaisha. Mchele uliliwa, tunashukuru. Ahadi ya mhudumu ndiyo ninayokuja kuidai.

Nadhani tatizo ni vibali vya ajira. Au ni fedha za matumizi zinazochelewa kushuka. Au ni kule kusukumiana, ukienda halmashauri unaambiwa mambo haya ni ya wizara, na wizara iko Dodoma, nauli ya kwenda Dodoma sina. Lolote liwalo kati ya hayo, halimgeuzi Babu kitandani. Mtaani kuna mabinti na vijana wamesomea uuguzi na ustawi wa jamii, wako nyumbani wanasubiri ajira. Kuna kina mama waliouguza wazazi wao kama mimi. Posho ya mtu mmoja au wawili kwa zamu imeshindikanaje mkoa mzima?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema matunzo ya makazini ni njia ya mwisho, kwa mzee asiye na ndugu wa kumtunza. Kwa hiyo waliomo mle ni wale ambao hakuna wa kuwasemea. Wengi wa rika la Babu ni waliokuja kwa mkonge. Mwaka 1964 mkonge wa nchi hii ulizidi tani 230,000, tukaongoza duniani, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya Tanga. Uliopita bandarini pale ulikatwa na watu hawa. Babu vidole vyake vina makovu ya miba hadi leo. Ng'ambo ya maji, Zanzibar wameanza tangu 2016 kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa mtumishi au mkulima. Mimi huku sijaomba pensheni. Nimeomba mtu wa kukesha.

Mimi mwenyewe nimechoka. Niliomba ruhusa nilale pale hata mkekani, nikaambiwa utaratibu hauruhusu mtu wa nje kulala makazini. Sawa, utaratibu ni utaratibu. Lakini wa ndani naye hayupo. Sasa nakwenda asubuhi na mapema kumsafisha kidonda, chapati zinabaki hazijasukumwa, wateja wamehamia kwa mwenzangu, mtaji nimeula kwa nauli na pampasi za watu wazima. Watoto wangu wananiuliza kwa nini nahangaika na mzee asiye ndugu. Sina la kuwajibu isipokuwa kwamba nimemwona.

Nilitaka niombe na magodoro, na taa ya njia ya chooni, na glavu, na mashuka ya kubadilishia, na mtu wa kuwakata kucha, na daktari wa macho kwa wenye mtoto wa jicho. Vyote vinahitajika. Lakini nikiomba vyote najua nitaambiwa bajeti. Naomba kimoja. Mhudumu wa usiku. Awageuze wasiojiweza, awape maji bila wao kuogopa, awashike mkono kwenda choo. Hata mmoja kwa kuanzia, hata wa posho, hata kwa mkataba wa miezi michache.

Ulituahidi mwenyewe kwa kinywa chako. Nijibu, hata kwa mstari mmoja: anaanza lini?

Wako,
Mama muuza supu, Makorora, Tanga