Bosi wa uhalifu hahitaji ubunge, anahitaji saini ya diwani

Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita mchambuzi wako aliandika kwamba wakubwa wa magenge huingia kwenye siasa kwa uroho wa madaraka. Wameshiba fedha, alisema, sasa wanataka kuitwa waheshimiwa. Siafiki. Ingekuwa hivyo, kazi ya kuwanasa ingekuwa nyepesi, maana anayetaka kuitwa mheshimiwa hujianika mwenyewe juani. Anayetumaliza ni yule asiyetaka cheo chochote. Huyo anataka kibali cha ujenzi, leseni ya ukumbi wa kamari, mkaguzi ambaye hafiki na mkuu wa polisi anayejua usiku gani asipokee simu. Vitu hivyo havitoki bungeni. Vinatoka halmashauri, kwenye vyumba ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvikanyaga.

Mchambuzi alimtaja Pablo Escobar, mlanguzi mkubwa wa kokeini wa Colombia, kama ushahidi wake. Kwangu mimi Escobar ni ushahidi wa kinyume. Mwaka 1982 alichaguliwa kuwa mbunge mbadala katika Baraza la Wawakilishi la Colombia, baada ya kujenga nyumba za maskini na kuweka taa kwenye viwanja vya mpira huko Medellín. Akapata kinga ya bunge, akavaa suti. Halafu? Mwaka uliofuata Waziri wa Sheria, Rodrigo Lara Bonilla, alimfichua hadharani, na Agosti 1983 gazeti la El Espectador likafukua habari za kukamatwa kwake na kokeini mwaka 1976. Kinga ikaondolewa, na mwanzoni mwa 1984 akatangaza kuachana na siasa. Alilipiza kwa damu: Lara Bonilla aliuawa tarehe 30 Aprili 1984, na mhariri wa El Espectador, Guillermo Cano, akauawa Desemba 1986. Lakini ukipima kibiashara tu, kiti kile kilimtia hasara. Kilimtoa gizani, akawa wa kusakwa hadi alipouawa Desemba 1993.

Al Capone, jambazi mkubwa wa Chicago, Marekani, alikuwa na akili zaidi, au tuseme bosi wake wa wakati ule, Johnny Torrio, ndiye aliyekuwa nazo. Chicago ilipopata meya mwenye msimamo mwaka 1923, genge lao halikuhangaika kumng'oa. Liliangalia kando, likaona kitongoji cha Cicero, chenye serikali yake ndogo na uchaguzi wake mdogo. Tarehe 1 Aprili 1924, siku ya kupiga kura, wenye bunduki walisimama vituoni, wapiga kura wakaulizwa wanampa nani, na wasimamizi wengine wakakamatwa na kufichwa mpaka vituo vilipofungwa. Hali ilichafuka kiasi kwamba jaji mmoja aliwaapisha polisi wa Chicago waende kusaidia, na jioni ile Frank, kaka yake Capone, alipigwa risasi akafa. Hata hivyo mgombea wao, Joseph Klenha, alibaki rais wa mji. Kumbi za kamari na baa za pombe iliyopigwa marufuku zikafanya kazi mchana kweupe.

Jina la Capone halikuwa popote kwenye karatasi ya kura. Hilo ndilo ningependa wasomaji wako walishike.

Kuna kipande cha habari ya Cicero kinachokuhusu wewe moja kwa moja, Mhariri. Kijana mmoja, Robert St. John, alikuwa akihariri gazeti dogo la Cicero Tribune na hakuacha kuandika kuhusu genge hilo. Mwaka 1925 alipigwa barabarani, akalazwa hospitali. Wengi hukumbuka kipigo. Mimi nakumbuka kilichofuata: upande wa Capone ulinunua hisa za gazeti lile kimyakimya, na mhariri alipotaka kurudi kazini akakuta ana bosi mpya. Hawakuchoma mtambo wa kuchapa. Kwa nini uchome kitu unachoweza kukimiliki? St. John aliondoka mjini, akawa mwandishi wa habari mashuhuri, akafariki mwaka 2003 akiwa na miaka 100. Cicero ikabaki bila mtu wa kuuliza maswali.

Palermo ni somo refu zaidi. Mji huo wa Sicily ulitoka kwenye Vita vya Pili ukiwa na magofu mengi, watu wengi wasio na makazi, na fedha nyingi za umma za kujengea. Mwaka 1958 Salvo Lima alikuwa meya, na mwaka uliofuata Vito Ciancimino, mtoto wa kinyozi kutoka Corleone, akakabidhiwa idara ya ujenzi ya manispaa. Si wizara, ni idara ya manispaa. Katika miaka michache zilitolewa leseni za ujenzi zipatazo 4,000, na zaidi ya nusu ziliandikwa majina ya watu wachache, wengine wazee wastaafu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na kazi ya ujenzi. Nyuma yao walisimama wakandarasi wa mafia. Mashamba ya michungwa na milimau yaliyouzunguka mji yakageuka safu za maghorofa ya zege.

Jumba la Villa Deliella linatosha kuonyesha kasi yao. Lilichorwa na Ernesto Basile, msanifu mwenye jina kubwa, na lilikuwa likikaribia umri ambao sheria ya majengo ya kale ingelilinda. Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba 1959 mashine zilianza kulibomoa. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu ofisi zimefungwa, hakuna wa kupokea malalamiko, na mahakama haikai. Jumatatu watu walipotoka kwenda kazini waliona kifusi. Kichekesho kichungu ni kwamba jengo jipya halikupanda pale; kwa miongo mingi kiwanja kile kilikuwa cha kuegesha magari. Walibomoa urithi wa mji, faida yenyewe hawakuipata, na bado hakuna aliyeulizwa siku ile.

Nimefanya kazi ya manunuzi ya umma kwa muda mrefu kiasi cha kutambua harufu hiyo. Tangazo la zabuni linabandikwa Ijumaa jioni, mwisho wa kuwasilisha ni Jumatano. Ndani yake kuna sharti moja la ajabu, mathalani mwombaji awe na mtambo wake mwenyewe wa zege umbali fulani kutoka eneo la mradi, na kila mtu anajua mtambo huo ni wa nani. Niliwahi kufungua bahasha tatu za kampuni tatu zinazodai hazijuani, na zote tatu zilikosea herufi ileile kwenye neno lilelile la barua ya maombi. Niliandika dokezo. Dokezo likaenda juu, likakaa juu. Kamati ilikaa wiki hiyohiyo na mkataba ukasainiwa. Hakuna aliyenitisha wala kunipa bahasha ya kaki. Nilihamishiwa tu kwenye stoo ya vifaa, kwa barua ya adabu kabisa.

Ndivyo inavyofanya kazi, na sinema zinatudanganya katika hili. Tunasubiri kuona bastola, kumbe mtambo mzima unaendeshwa na kalamu. Mgombea wa udiwani anahitaji mafuta ya gari, fulana, vipaza sauti na chakula cha mawakala. Chama hakina. Mkono mtupu haulambwi, naye tajiri anajitokeza bila kuomba risiti. Miezi sita baadaye anaomba kitu kidogo sana: ajenda fulani ianze kabla ya nyingine, au mhandisi fulani apewe likizo. Diwani yule hajioni mhalifu. Mara nyingi ni mtu mwema wa kwenda mazikoni na kuchangia madawati. Anajiona analipa fadhila.

Wapo waliosokota kamba hiyo kutoka upande wa siasa. Tom Pendergast alitawala Kansas City, Marekani, miaka ya 1920 na 1930 bila kuwa meya, na mradi mkubwa wa ujenzi wa mji ulipoanza, zege nyingi ilitoka kwenye kampuni yake. Uchaguzi wa 1936 ulikuwa na kura hewa nyingi mno, hata zaidi ya watu 200 wakatiwa hatiani. Yeye mwenyewe alifungwa mwaka 1939 kwa kukwepa kodi. Capone pia, mwaka 1931, alipata miaka 11 kwa kodi. Watu hupenda kusimulia hilo kama ushindi wa sheria. Naona ni nusu ya ushindi: mtu alikwenda jela, lakini kodi haimuulizi diwani alisaini nini.

Italia ndiyo iliyofika mbali zaidi, na ililipa kwa maisha ya watu. Mbunge Pio La Torre, aliyependekeza kutaifisha mali za mafia badala ya kuwafunga watu tu, aliuawa Palermo tarehe 30 Aprili 1982. Sheria ilipita Septemba mwaka huohuo, baada ya Jenerali Dalla Chiesa, aliyetumwa Palermo kupambana na mafia, naye kuuawa. Mwaka 1991 ikaja sheria ya kuvunja halmashauri iliyopenywa na mafia na kuikabidhi kwa makamishna watatu. Tangu hapo halmashauri zimevunjwa zaidi ya mara 300, na Oktoba 2012 ikawa zamu ya Reggio Calabria, mji mkubwa wa kusini mwa nchi. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba makamishna hukaa mwaka mmoja na nusu hivi, miwili ikizidi, kisha huondoka. Karani aliyekuwa akipanga ajenda anabaki pale pale na ufunguo wa kabati anao. Kuna halmashauri zilizovunjwa mara mbili, hata tatu. Kwa hiyo sidai kwamba dawa imepatikana. Nadai kwamba wenzetu walau walijua kidonda kiko wapi: kwenye baraza la mji na kwenye mali, si kwenye uso wa bosi peke yake.

Nina ombi ambalo halihitaji sheria mpya. Gazeti lako huchapisha matangazo ya zabuni kila wiki, kurasa nzima, na yanalipiwa. Lakini matokeo hatuyaoni. Nani alishinda, kwa bei gani, walioshindwa ni nani, na kampuni iliyoshinda inamilikiwa na nani hasa, si yule mpwa aliyewekwa jina kwenye msajili? Chapisha hayo mwezi hadi mwezi, hata kwa herufi ndogo. Baada ya mwaka mmoja wasomaji wataanza wenyewe kuona majina yanayojirudia, na mchambuzi wako atakuwa na kitu bora cha kuchambua kuliko uroho wa madaraka. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni picha za waheshimiwa wakikata utepe.

Msomaji wako,
(Jina na anwani vihifadhiwe)