Disneyland: Kilichobadilika Zaidi ni Foleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu makala yenu ya juma lililopita iliyosimulia miaka 70 ya Disneyland, bustani ya burudani ya familia iliyoko Anaheim, California, nchini Marekani. Makala ilikuwa nzuri, na picha zake za zamani niliziangalia zaidi ya mara moja, lakini mwandishi alimalizia kwa kusema kwamba kilichobadilika pale ni mashine tu, na mengine yote yamebaki kama yalivyokuwa. Hapo sikubaliani naye. Mashine zimebadilika, hilo halina ubishi. Ila kwa maoni yangu jambo lililobadilika zaidi ni foleni, na sioni jinsi mtu anavyoweza kuisimulia historia ya bustani ile bila kuigusa.

Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi wa bustani hiyo, alikuwa akieleza kwamba wazo la kuijenga lilimjia siku za mapumziko, alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili kupanda farasi wa mbao wanaozunguka katika Griffith Park, mjini Los Angeles. Watoto walipanda farasi, naye alikaa kwenye benchi akitafuna karanga, huku akijiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja, badala ya mmoja kucheza na mwingine kungoja. Benchi kutoka pale limehifadhiwa ndani ya Disneyland kama kumbukumbu. Naona ni kumbukumbu inayostahili, kwa sababu inaonyesha kwamba bustani nzima ilizaliwa na kero ya mzazi aliyechoka kusubiri.

Isidhaniwe kwamba zamani palikuwa peponi au kwamba ilikuwa kazi ya hisani. Ardhi yenyewe ilikuwa ekari 160 za michungwa na miti mingine, ujenzi ulichukua takriban mwaka mmoja na kugharimu dola milioni 17, na sehemu ya fedha ilitoka kwa kampuni ya televisheni ya ABC, ambayo nayo ilipata kipindi cha kila wiki pamoja na hisa zaidi kidogo ya theluthi moja. Siku ya ufunguzi, Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, mambo yalikwenda mrama mbele ya kamera za televisheni. Watu walighushi kadi za mwaliko, na inasemekana mmoja aliegemeza ngazi kwenye uzio akawa anawatoza watu fedha ili wapande waingie, hata ikafikia watu wapatao 28,000, wengi kuliko walioalikwa. Joto lilikaribia nyuzi 38, na lami iliyokuwa imemwagwa muda mfupi kabla haikuwa imekauka sawasawa, kwa hiyo wanawake waliovaa viatu vya mchuchumio wakawa wanazama na kuacha visigino vyao humo. Mafundi bomba walikuwa wamegoma wakati wa ujenzi, na muda ulipokwisha ikabidi ichaguliwe kati ya kukamilisha vyoo na kukamilisha mabomba ya maji ya kunywa. Vyoo vikashinda. Wageni, kwa kiu yao, walidhani ni ujanja wa kuwauzia soda.

Hata maduka ya mtaa wa mbele yalikuwa mchanganyiko wa ajabu. Miezi ile ya kwanza, mahali palipojengwa kwa ajili ya watoto, palikuwa na duka la sidiria. Halikudumu.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndipo foleni ilipoanza kugeuka. Mwaka 1955 mtu mzima alilipa dola 1 getini na mtoto senti 50, kisha kila mchezo ukalipiwa peke yake. Oktoba mwaka huohuo vikaanza kuuzwa vijitabu vya tiketi za A, B na C. Tiketi ya A ilikuwa ya vitu vidogo kama kuzunguka na farasi wa mbao, na kadiri herufi ilivyosogea mbele ndivyo mchezo ulivyokuwa mkubwa. Kijitabu cha dola 2.50 kilimpa mtu mzima kiingilio na michezo minane, kiasi ambacho ukikipima kwa thamani ya dola ya sasa ni takriban 30. D iliongezwa mwaka 1956, na E mwaka 1959, pale walipofungua mlima wa bandia wa Matterhorn wenye vigari vinavyoteremka kwa kasi, treni ya reli moja, na nyambizi. Tiketi ya E ilipata umaarufu hata ikaingia katika lugha ya Wamarekani: Juni 1983 Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kufika anga za juu, alipotaka kueleza msisimko wa safari yake aliifananisha na tiketi hiyo. Cha kuchekesha ni kwamba wakati huo vijitabu vilikuwa vimeshafutwa. Mwaka 1982 kilikuja kiingilio kimoja kinachoruhusu michezo yote.

Mfumo wa herufi ulikuwa na kasoro zake. Mzazi alikuwa akirudi nyumbani na tiketi za A mfukoni ambazo hakuna mtoto aliyezitaka, na mtoto aliyekwisha kutumia E zake alibaki kutazama mlima kwa macho tu. Hata hivyo foleni yenyewe ilikuwa moja. Aliyekuja na gari la kifahari na aliyekuja kwa basi walisimama kwa mpangilio wa kufika, na ukimaliza kungoja uliingia. Kiingilio kimoja cha mwaka 1982 kilirefusha foleni, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa akihesabu tiketi zake, lakini hakikuigawa.

Ilianza kugawanywa mwaka 1999, na ilianza kwa nia njema. Mfumo ulioitwa FastPass ulitoa karatasi ya bure: unaingiza tiketi yako kwenye mashine, unapewa saa ya kurudi, unakwenda kula au kuzunguka, ukirudi unapita njia fupi. Aliyeamka mapema au aliyejipanga vizuri alifaidika, na hakulipa senti. Mwaka 2017 likaongezwa toleo la kulipia kupitia simu ya mkononi. Janga la korona lilipofunga bustani kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Aprili 2021, karatasi ya bure haikurudi tena. Desemba 2021 njia fupi ikarejea kwa jina la Lightning Lane, kwa kuanzia dola 20 kwa mtu kwa siku, na baadhi ya michezo mikubwa ikilipiwa kando. Oktoba 2024 ikaja pasi ya juu kabisa, inayomruhusu mtu kupita njia fupi saa yoyote bila kupanga, kwa dola 400 juu ya kiingilio.

Msomaji asiyewahi kuona njia hizi mbili huenda akadhani ni jambo dogo. Zote mbili hukutana karibu na mahali pa kupandia, na hapo husimama mfanyakazi mwenye kazi ya kuchanganya. Huruhusu kundi la njia ya kulipia lipite, kisha wachache wa njia ya kawaida, kisha kundi jingine la kulipia. Baba aliyembeba mtoto mabegani, ambaye ubao wa mlangoni ulimwambia dakika 50, huwaona watu waliofika sasa hivi wakipita ubavuni mwake huku wakitazama simu zao. Mtoto huuliza kwa nini wale wanapita, na jibu la kweli ni gumu kulitoa. Tena si kwamba wanaopita wamepewa kitu kipya. Chombo chenye viti 20 kinabaki na viti 20, kwa hiyo kila kiti kinachouzwa upande huu kimetolewa upande wa pili, na foleni ya kawaida huwa ndefu zaidi kwa sababu hiyohiyo. Anayeuza njia ya kuikwepa foleni ndiye pia anayeirefusha, na kwangu mimi hilo linakaribia sana ulanguzi, ingawa sheria haina neno nalo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mwaka wa kwanza waliingia watu wapatao milioni 3.6, mwaka 2023 inakadiriwa walizidi milioni 17. Eneo halikuongezeka kwa kiasi hicho, na hata uwanja wa zamani wa kuegesha magari ulishajengwa bustani ya pili, Disney California Adventure, iliyofunguliwa mwaka 2001. Usipotumia bei kupunguza msongamano utatumia nini? Ndiyo maana tangu mwaka 2016 kiingilio hupanda siku zenye watu wengi na kushuka siku tulivu. Hilo nalielewa, na sina kinyongo nalo, kwa sababu mwenye kipato kidogo anaweza kuchagua Jumanne isiyo na watu, na akishaingia ni mgeni sawa na wengine. Kuuza nafasi ndani ya foleni ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa tofauti ya mifuko sasa inaonekana ndani ya geti, mbele ya watoto, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Nisieleweke kwamba nalilia ya kale. Yapo mabadiliko ambayo yalichelewa mno. Mchezo wa mashua uitwao Jungle Cruise umekuwapo tangu siku ya kwanza, ukipita kwenye mto wa kuchimbwa kati ya viboko na tembo wa mitambo (Walt alitamani wanyama hai, akashauriwa kwamba wangelala mchana kutwa). Kwa miaka mingi kingoni mwa mto huo walionyeshwa watu wa Afrika na kwingineko kama washenzi wenye mikuki, pamoja na mmoja aliyekuwa akiuza vichwa vya watu vilivyokaushwa, na nahodha akawatania ili abiria wacheke. Sanamu hizo ziliondolewa mwaka 2021. Katika mchezo wa maharamia uliofunguliwa mwaka 1967, wanawake waliofungwa kamba walikuwa wakinadiwa kama ng'ombe mnadani, na ilibidi ifike 2018 ndipo mnada ukageuzwa kuwa wa mali zilizoporwa. Wapo Wamarekani waliolalamika kwamba utoto wao umefutwa. Mimi nasema kheri ulivyofutwa, na namshangaa mwandishi wenu kwa kupita kimya, kwani msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua kwamba nasi tulikuwamo katika maonyesho yale, tukichekwa. Siku hizi wamejitahidi kidogo: katika bustani yao ya wanyama kule Florida, iliyofunguliwa mwaka 1998, wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki na kukiita Harambe, kwa "e" moja. Nyingine sijui imebaki wapi.

Kwa hiyo ninapolalamikia foleni sisemi kwamba bustani ingebaki kama ilivyokuwa mwaka 1955. Walt mwenyewe alikuwa akisema haitakamilika kamwe, na aliendelea kuongeza na kubomoa hadi alipofariki Desemba 1966. Ninachosema ni kwamba yeye alianza na mzazi anayengoja peke yake kwenye benchi, akataka amwondoe hapo amweke pamoja na watoto wake. Leo mzazi na watoto wako pamoja kweli, ila wote wanangoja, huku wenzao wakipita.

Naomba basi, mwandishi wenu akirudia mada hii, asiandike bei ya kuingia peke yake, maana msomaji anayeweka akiba kwa ajili ya safari kama hiyo atapotoka. Achukue mfano wa siku ghali kabisa ya mwishoni mwa mwaka 2024: watu wazima wanne walilipa dola 824 kuingia, na kama walitaka wasikae kwenye foleni ya kawaida kwa pasi ile ya juu, walilipa dola 1,600 nyingine. Kutongoja kuligharimu karibu maradufu ya kuingia. Nambari hizo mbili zikiwekwa kwenye mstari mmoja zinaeleza mengi kuliko aya nzima ya maelezo kuhusu mashine.

Kuna pia kosa dogo la tarehe ambalo naomba mlisahihishe. Makala ilisema milango ilifunguliwa kwa umma tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo ilikuwa ya waalikwa, waandishi wa habari na televisheni, na ndiyo iliyoleta mkasa wa kadi za kughushi. Umma uliingia kesho yake, tarehe 18, kwa kununua tiketi dirishani. Tiketi ya kwanza kabisa ilinunuliwa na Roy Disney, kaka yake Walt na mshirika wake katika kampuni, kwa dola 1 ileile waliyolipa watu wazima wote waliofuata nyuma yake.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi