Mvutaji sigara asiangalie jumla ya lehemu peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya wasomaji tuzungumzie vipimo vya mafuta ya damu kwa wavutaji sigara. Mtu akikabidhiwa majibu, macho hukimbilia jumla ya lehemu, yaani kolesteroli. Akikuta iko chini ya milimoli 5.2 kwa lita, anakunja karatasi na kwenda zake akiwa na amani. Kwa mvutaji, amani hiyo imekuja mapema mno.

Chukua watu wawili, wote jumla yao ni 4.8. Wa kwanza ana HDL, ile tunayoiita lehemu nzuri, 1.4. Wa pili, mvutaji, ana HDL 0.8 na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 2.3. Gawanya jumla kwa HDL: wa kwanza anapata 3.4, wa pili 6. Huyu wa pili ndiye wa kumhofia. HDL ikishuka chini ya 1.0 kwa mwanamume, au 1.3 kwa mwanamke, ni ndogo. Trigliseridi zisizidi 1.7. Maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita: 1.0 ya HDL ni kama 39, na 1.7 ya trigliseridi ni 150.

Sigara inaingiaje hapo? Nikotini, kilevi cha tumbaku, huamsha homoni ya adrenalini, nayo huyatoa mafuta yaliyohifadhiwa mwilini na kuyamwaga kwenye damu. Ini huyapokea, hutengeneza trigliseridi, huzirudisha kwenye mzunguko. HDL, ambayo kazi yake ni kuzoa lehemu kwenye kuta za mishipa, hupungua. Na LDL, ile lehemu mbaya, hata isipokuwa nyingi, huharibiwa na kemikali za moshi. Ikishaharibika humezwa na chembe nyeupe za damu ndani ya ukuta wa mshipa, na hapo utando wa mafuta huanza kujengeka. Moshi huohuo hufanya damu igande upesi. Utando ukipasuka na damu ikaganda juu yake, njia inaziba na msuli wa moyo unakosa hewa.

Kwa hiyo kumwambia mgonjwa apunguze mafuta ya kupikia bila kumuuliza habari za sigara ni kumhudumia nusu. Hata statini, dawa nzuri ya kushusha LDL, haizuii moshi kugandisha damu.

Wapo wanaosema, "Mimi navuta moja tu, naichukua dukani jioni." Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kuwa sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Kupunguza si sawa na kuacha.

Unapokwenda kupima, omba kipimo kamili: jumla, HDL, LDL na trigliseridi. Kaa bila kula saa 9 hadi 12, maji ruksa. Sigara pia iachwe muda huo. Wengi hujinyima chai na chapati, kisha wanavuta nje ya mlango wa maabara wakisubiri kuitwa.

Ukiacha kabisa, HDL huanza kupanda ndani ya wiki chache. Rudia kipimo baada ya miezi 3. Ila usiizibe hamu ya sigara kwa soda na maandazi, maana sukari na unga mweupe hupandisha trigliseridi. Tafuna karoti, tango au karanga kidogo zisizo na chumvi.

Wahudumu wa afya,
Dar es Salaam