Kufuli la faili lishikwe kabla ya kusoma

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaotengenezea maduka ya Mombasa programu za mauzo. Hesabu ya stoo ikipotea, msikimbilie kusingizia virusi. Angalieni kwanza kama kaunta mbili za seva moja zinaandika faili ileile kwa wakati mmoja.

Tuseme ni duka la jumla pale Marikiti, na faili inaonyesha magunia 40 ya mchele. Kaunta zote mbili zinasoma 40. Moja inauza 3, inaandika 37. Ya pili inauza 5, inaandika 35 juu yake. Stoo ina 32, faili inang'ang'ania 35, na hakuna onyo lililotokea.

Dawa ni kufuli la faili, yaani alama inayowaambia wengine wangoje mpaka aliyeishika amalize. Lakini wengi hulishika wakati wa kuandika tu. Wamechelewa, ile 40 imeshasomwa. Lishikwe kabla ya kusoma, liachiliwe baada ya kuandika. Tena kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kufuli linaloombwa kwa amri ya flock ni la hiari: programu isiyoliomba hupita tu.

Kuna mtego wawajibikaji hasa hunaswa nao. Kwa kuhofia umeme kukatika, huandika faili ya muda kwenye folda ileile, huisukuma diskini kwa amri ya fsync, kisha huipa jina la faili ya zamani. Vizuri. Lakini kama kufuli lilikuwa juu ya faili yenyewe ya hesabu, aliyekuwa akingoja atapata kufuli la faili ya zamani, isiyo na jina tena, huku anayemfuata akifungua ile mpya na kuishikia kufuli lake bila kizuizi. Wote wawili wamo ndani! Shikeni kufuli la faili tupu ya pembeni, isiyofutwa wala kubadilishwa jina.

Kuhamisha mali kutoka stoo ya Kongowea hadi ya Likoni kunataka makufuli mawili. Mmoja akianza na Kongowea na mwenziwe Likoni, watangojana kama mikokoteni iliyokutana uso kwa uso kichochoroni Mji wa Kale, na hapa hakuna wa kurudi kinyumenyume. Yashikwe kwa mpangilio mmoja, hata wa alfabeti. Linux yenyewe, ikihamisha faili kati ya folda mbili, hufunga ya juu kabla ya iliyo ndani yake.

Nawe mwenye duka, kabla ya kulipa, taka kaunta mbili zipunguze moja moja mara 1,000 kila moja, kwa pamoja. Hesabu isiposhuka kwa 2,000 kamili, usitoe pesa.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa