Kabla ya Kumpa Mfanyakazi Mpya Ekstensheni ya Aliyeondoka

Ombi tunalolipata sana kutoka kwa wateja ni hili: "Tubadilishieni jina kwenye 214, mhasibu wetu ameacha kazi." Hiyo 214 ni ekstensheni, yaani namba fupi ya ndani ya simu ya ofisi. Kubadilisha jina hakuchukui muda. Ila jina ni kile tu kinachosomeka kwenye kioo cha simu, na namba yenyewe bado imebeba mipangilio ya aliyeondoka. Isiposafishwa, inamwangukia anayempokea kiti.

Kinachotutia wasiwasi kuliko vyote ni simu zilizoelekezwa kwingine. Pengine mhasibu yule aliweka simu zake ziende kwenye simu yake ya mkononi kila asipokuwa mezani. Yeye ameondoka, maelekezo yamebaki. Mteja wenu anapiga 214, mhasibu mpya ametoka kidogo, simu inapokelewa na mtu asiye mwajiriwa wenu tena, na mteja anaanza kumweleza habari za malipo yake. Ndiyo maana huwa tunaanzia hapo: tunafuta maelekezo ya laini ikiwa bize, ya simu isiyopokelewa na ya muda wote. Tena tunafika hadi kwenye simu ya mezani yenyewe, kwa sababu maelekezo yanaweza kuwekwa humo bila kuonekana kwenye mtambo unaounganisha simu zote za ofisi.

Pia kuna neno la siri. Kama aliyeondoka alikuwa na programu ya simu za ofisi kwenye simu yake ya mkononi, programu hiyo itaendelea kujisajili kwa namba ileile hadi neno la siri libadilishwe. Maana yake anaweza kupiga simu kwa gharama zenu, na mpokeaji akaona namba ya kampuni. Libadilisheni siku ileile anayoondoka, hata kama hamjapata wa kuchukua nafasi yake.

Sanduku la ujumbe wa sauti nalo lina mambo yake: salamu yenye sauti ya mtu mwingine, jumbe za zamani, namba ya siri, na anwani ya barua pepe inayopokea nakala za jumbe hizo. Hiyo anwani husahaulika kirahisi.

Swali tunalowauliza wateja kabla ya kugusa chochote ni kama namba ni ya mtu au ya kazi. Kama 214 iko kwenye kundi la simu za uhasibu, na menyu ya sauti (ile inayomwambia mpigaji abonyeze namba gani) inaipelekea kila anayebonyeza 2, kumpa mtu wa mauzo ni kumtwisha maswali ya ankara kutwa nzima. Ushauri wetu ni kwamba namba ambazo watu wa nje wamezizoea zibaki na kazi. Anayehama meza tu, kazi ikiwa ni ileile, aende na namba yake.

Mkipanga namba upya kwa ofisi nzima, msianze na tarakimu inayotumika kutoa laini ya nje, mara nyingi 9 au 0. Msiwe na 21 na 214 pamoja pia, maana mtambo unaweza kusubiri kuona kama tarakimu nyingine inakuja, au ukapiga 21 kabla hamjamaliza.

Mnapotuma ombi, tuandikieni namba, jina la anayeondoka, jina la anayeingia na siku ya mabadiliko. Tukimaliza tutaipigia namba hiyo kutoka ndani na kutoka nje, tukiiacha iite bila kupokelewa mpaka tuone simu inaishia wapi.