Runinga Mpya, Sabufa ya Zamani: Kwa Nini Sauti Haitoki

Karibu kila wiki huingia mteja dukani kwetu Tabata akiwa amekumbatia boksi la runinga ambayo haijamaliza hata mwezi, na maelezo yake huwa ni yaleyale: picha ni safi, vituo vyote vimepatikana, lakini sauti haiendi kwenye sabufa. Wapo wanaoamini kwamba wameuziwa runinga mbovu, na wapo wanaoishuku sabufa, ambayo kwa runinga ile ya zamani ilikuwa ikitikisa vioo vya madirisha. Tunapovikagua vifaa vyenyewe, mara nyingi hatukuti hata kimoja kilichoharibika. Runinga na sabufa hiyo zimetengenezwa katika zama tofauti, na yule aliyeuza runinga hakumuuliza mnunuzi nyumbani kuna nini cha kuunganishwa nayo.

Sabufa nyingi zilizomo majumbani hupokea sauti kwa pini mbili, nyekundu na nyeupe. Pini hizo ni za mfumo wa RCA, uliopata jina lake kutokana na kampuni ya Marekani iliyoubuni zamani, enzi ambazo watu waliunganisha gramafoni na redio, na sauti inayopita humo ni ya analojia, yaani mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Runinga za sasa hufanya kazi zake zote kwa njia ya dijitali, yaani kwa namba, na watengenezaji, katika kuzifanya nyembamba na za bei nafuu, wamekuwa wakiyaondoa matundu ya analojia ya kutolea sauti. Kinachowachanganya watu ni kwamba matundu mekundu na meupe bado yapo nyuma ya runinga nyingi, ila yameandikwa AV IN, yaani ni ya kuingizia tu.

Tuliwahi kuitwa nyumbani kwa mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa ameunganisha kila kitu kwa uangalifu mkubwa: nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe, waya ukafungwa vizuri kwa utepe nyuma ya kabati, na sabufa ikarudishiwa kitambaa chake cha kufuma. Sauti haikutoka. Tulipomwonyesha maandishi ya AV IN kwa kurunzi, mama alituuliza, "Sasa mwanangu, kama rangi zimelingana, kosa liko wapi?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Rangi hueleza ni upande gani wa sauti unaopita, nyekundu ikiwa kulia na nyeupe kushoto, na njano ikiwa ni ya picha. Hazielezi kama sauti inaingia au inatoka. Runinga yake na sabufa yake zote mbili zilikuwa zikisubiri kupewa sauti, na hakukuwa na wa kuitoa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua waya wowote, geuza runinga usome maandishi yaliyo kando ya kila tundu. Ukikuta tundu dogo la duara lenye alama ya hedifoni, au lililoandikwa AUDIO OUT, umebahatika, kwa kuwa waya wenye pini moja ya milimita 3.5 upande mmoja na pini nyekundu na nyeupe upande wa pili unatosha kumaliza kazi, na ni waya wa bei ndogo sana. Ongeza sauti ya runinga hadi karibu robo tatu ya kipimo chake, kisha punguza au ongeza kwenye sabufa. Sauti ya runinga ikiwa chini mno, utalazimika kuipandisha sabufa hadi mwisho na utasikia mvumo. Angalizo ni moja: runinga nyingine zina tundu dogo la namna hiyohiyo ambalo limeandikwa AV IN, na hilo ni la kupokelea picha na sauti kutoka kwenye deki. Kwa macho yanafanana kabisa.

Kama tundu la hedifoni halipo, tafuta lililoandikwa OPTICAL. Lina umbo la karibu mraba na aghalabu huzibwa na kifuniko kidogo, na runinga ikiwa imewashwa utaona mwanga mwekundu ndani yake, kwa sababu sauti hapo husafiri kama mwanga ndani ya uzi mwembamba wa plastiki. Njia hii ilianzishwa na Toshiba mwaka 1983 kwa ajili ya mashine za CD. Runinga nyingine badala yake huwa na tundu la COAXIAL, ambalo kwa umbo ni sawa na la pini nyekundu, na tumekuta watu wamechomeka pini ya sabufa humo moja kwa moja wakaambulia ukimya au mkwaruzo. Sauti inayotoka kwenye matundu haya mawili ni ya dijitali, na sabufa ya pini mbili haiwezi kuisoma mpaka ipitie konvata, yaani kijisanduku kidogo cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analojia, kinachotumia umeme wa volti 5 ambao mara nyingi huweza kuchukuliwa kwenye tundu la USB la runinga yenyewe.

Hapa ndipo wateja wengi hukata tamaa mapema. Wananunua konvata, wanaifunga, taa yake inawaka, lakini sauti haitoki, na konvata inarudishwa dukani ikiitwa feki. Kinachohitajika ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, kutafuta sehemu ya sauti ya dijitali, na kuchagua PCM, yaani sauti ya dijitali isiyofungwa, badala ya AUTO, BITSTREAM au DOLBY, kwa maana konvata za kawaida hazina uwezo wa kufumbua sauti iliyofungwa kwa mfumo wa Dolby. Tukishabadilisha neno hilo moja, sauti hutoka papo hapo. Ujue pia kwamba kwa njia hii rimoti ya runinga kwa kawaida haitapunguza sauti ya sabufa. Itabidi utumie rimoti ya sabufa, na kama ilishapotea, uinuke.

Wenye sabufa mpya au spika ndefu za kuweka chini ya runinga wana njia nyepesi zaidi, ambayo ni HDMI yenye maandishi ya ARC. Mfumo huu ulianza na toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009, na waya huo mmoja hupeleka picha kwenye runinga na kurudisha sauti kwenye spika. Kwa kawaida tundu moja tu kati ya yote ya HDMI ndilo lenye uwezo huo, na upande wa spika nao sharti uwe na ARC. Aidha, mara nyingi ni lazima uwashe mpangilio wa CEC, unaoviwezesha vifaa vya HDMI kuwasiliana, ambao Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink na Sony huuita Bravia Sync. Bluetooth nayo inafaa kwa muziki, ingawa kwenye taarifa ya habari utaona midomo ya mtangazaji ikitangulia na maneno yakifuata.

Kwa mteja anayetazama king'amuzi tu, huwa tunapendekeza asitumie fedha zozote za ziada. Ving'amuzi vingi bado vina matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti, hivyo picha ipite kwa HDMI hadi kwenye runinga, sauti itoke kwenye king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye sabufa, na runinga yenyewe izimwe sauti. Kasoro yake ni kwamba filamu ya kwenye flashi au video ya YouTube inayochezwa na runinga haitasikika kwenye sabufa, kwa kuwa haikupitia kwenye king'amuzi.

Vyovyote utakavyounganisha, zima vifaa vyote kwenye soketi kabla ya kuchomeka waya wa HDMI. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi ulio salama, na tumeshabadilisha matundu mengi ya HDMI yaliyoungua kwa sababu mtu alichomeka huku kila kitu kikiwaka. Wakati wa radi chomoa pia waya wa dishi, si plagi ya umeme peke yake.

Ukitaka tukusaidie, huna haja ya kubeba runinga kwenye bodaboda. Piga picha mbili kwa simu, moja ya nyuma ya runinga na nyingine ya nyuma ya sabufa, maandishi yakiwa yanasomeka, uje nazo dukani. Tutakueleza waya unaohitajika na bei yake, na kama waya huo tayari unao nyumbani, tutakwambia hivyo pia.