Washington ipi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Gazeti likiandika "Washington" bila neno jingine, msomaji anabaki kubahatisha. Jina hilo ni la mji mkuu wa Marekani, kando ya mto Potomac. Ni la jimbo zima pia, pwani ya magharibi, linalopakana na Kanada. Na waandishi hulitumia kwa maana ya serikali: "Washington yaionya Tehran". Kutoka mji huo hadi Seattle, jiji kubwa la jimbo hilo, ni kilomita zipatazo 3,700 kwa ndege. Mwezi Januari, Dar es Salaam ikiwa saa sita mchana, mji mkuu ni saa kumi alfajiri na Seattle ni saa saba usiku.

Mkanganyiko huu ulitengenezwa bungeni. Mwaka 1853 walowezi wa kaskazini mwa mto Columbia waliomba eneo lao liitwe Columbia. Wabunge wakahofia litachanganywa na District of Columbia (kwa kifupi D.C.), ulipo mji mkuu, wakalipa jina la Washington. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Kosa linaloudhi zaidi ni "jimbo la Washington D.C." Halipo. D.C. haimo katika majimbo 50 na haina gavana, ina meya. Haina seneta, na mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi huchangia hoja lakini hapigi kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Haki ya kumpigia kura rais wakazi wake waliipata kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1961. Ndiyo maana vibao vya namba vya magari ya huko hubeba malalamiko ya kutozwa kodi bila uwakilishi. Kuiita jimbo ni kufuta dai ambalo wakazi wenyewe wanalipigania hadi leo.

"Wilaya ya Columbia" nayo haisaidii, kwa kuwa kwetu wilaya iko chini ya mkoa, na D.C. haiko chini ya jimbo lolote. Herufi D.C. peke yake katika kichwa cha habari humfanya msomaji wa Tanzania amfikirie Mkuu wa Wilaya. Andikeni "Washington D.C." kwa ukamilifu, au "mji mkuu wa Marekani". Na Columbia hiyo ni kwa u. Kolombia ni nchi ya Amerika Kusini.

Kwa upande wa pili andikeni "jimbo la Washington" kila mara, si mara ya kwanza tu. Mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa Marekani, Januari 2020, alikuwa katika jimbo hilo, kaskazini mwa Seattle. Aliyesoma "Washington" tupu alidhani ugonjwa umebisha hodi Ikulu. Mhariri akiwa na shaka atazame habari yenyewe: ikimtaja gavana, au Olympia, makao makuu ya jimbo, basi ni magharibi. Na pale inapokusudiwa serikali, "Marekani" inatosha, tena ina herufi mbili pungufu.

Wenyeji wa mji mkuu husema "D.C." Hata Waafrika Mashariki wanaoishi Silver Spring, ambayo ni Maryland, au Alexandria, ambayo ni Virginia, husema wako D.C., ingawa kodi na leseni zao za udereva ni za majimbo hayo. Alexandria iliwahi kweli kuwa ndani ya mpaka, hadi Virginia iliporudishiwa sehemu yake miaka ya 1840. Hata viwanja vya ndege vya mji mkuu, Dulles na Reagan, vyote viko Virginia.

Anayetuma barua au mzigo aangalie herufi mbili baada ya jina la mji. DC ni mji mkuu, na namba ya posta huanza na 20. WA ni jimbo, na namba huanza na 98 au 99. Ndani ya D.C. lazima pia kutaja robo ya mji: NW, NE, SW au SE, zinazohesabiwa kutoka jengo la Bunge. Ikulu ni 1600 Pennsylvania Avenue NW. Ukiacha NW, kumbuka barabara hiyo hiyo inaendelea upande wa SE, na namba za nyumba hujirudia.

Vijana wanaoomba vyuo ndio wanaoumia zaidi. University of Washington iko Seattle. Washington State University makao yake ni Pullman, mashariki mwa jimbo hilo hilo. George Washington University ndiyo iliyoko mji mkuu. Washington University haiko katika Washington yoyote kati ya hizo mbili: iko St. Louis, jimbo la Missouri, na mwaka 1976 iliongeza "in St. Louis" kwenye jina lake kwa sababu ya mkanganyiko huu huu. Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwombaji asome mji na jimbo kwenye anwani ya chuo.

Mfasiri wa habari,
Dar es Salaam